Etangi ikijaa, ngojeni kwanza

Wamama wengi wanauliza bei ya watoto wa tilapia. Wachache wanauliza habari ya maji. Na franka za likelemba zinapotelea humo humo majini: etangi inachimbwa, inajazwa, samaki wanamwagwa siku ile ile, na baada ya siku tatu wanaelea tumbo juu. Watu wanasema jirani ameroga. Mara nyingi ni maji tu, hayakuwa tayari.

Maji ya chemchemi yanatoka ardhini yakiwa baridi, hewa kidogo, chakula hakuna. Tilapia anataka maji ya vuguvugu yenye rangi ya kijani. Kile kijani ni vijimea vidogo sana. Mchana vinatoa hewa, na samaki anavila.

Kwa hiyo kazi inaanza etangi ikiwa bado tupu. Udongo wetu mwekundu una ukali unaozuia kijani kuota, na jivu la mafiga linaupunguza. Lisambazeni chini na kando, kisha ngojeni juma moja. Kabla ya uhuru wa 1960 etangi nyingi zilichimbwa katika Kongo, na nyingi ziliachwa baadaye. Kama kikundi chenu kinafufua shimo la zamani, toeni matope meusi na liacheni jua likaushe mpaka udongo upasuke.

Maji yaingie polepole, yakianguka kutoka juu kidogo ili yashike hewa, na yapite kwenye kikapu cha matundu madogo. Kambale akiingia atawamaliza watoto wote. Chandarua cha mbu chenye dawa msikitumie hapo. Dawa ile ni sumu kwa samaki.

Kwenye kona moja fungeni uzio wa vijiti, mtie mavi ya kuku au ya mbuzi pamoja na majani mabichi. Baada ya juma moja au mawili maji yatageuka. Kipimo ni mkono wenu: uingizeni wima, kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Vidole vikipotea maji yakifika kwenye kiwiko, ni vizuri. Vikionekana bado, ongezeni mavi. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, mbolea imezidi: acheni kutia, ingizeni maji mapya.

Sasa muhogo, na hapa ndipo sisi wamama tunahusika kuliko mtu mwingine yeyote. Muhogo mchungu tunauloweka siku kadhaa ili sumu yake itoke. Inatoka kwenda wapi? Inabaki majini. Shimo la kulowekea likiwa juu ya etangi, kwenye kijito kile kile, samaki watakufa hata kama kila kitu kingine kimefanywa vizuri. Lihamishieni chini ya etangi, na muelewane na majirani wa upande wa juu kabla ya kununua samaki hata mmoja. Mazungumzo hayo yana uzito kuliko jivu na mavi yote.

Siku ya kuwaleta, safirini alfajiri. Bidoni isijazwe mpaka juu, samaki wanahitaji hewa, na isikae juani. Mkifika, msimwage. Iwekeni bidoni ndani ya etangi kama robo saa, halafu tieni humo maji ya etangi kikombe kwa kikombe, mpaka mkono usisikie tofauti ya joto. Kisha ilazeni, watoke wenyewe. Wawili kwa kila mita moja ya mraba wanatosha: etangi ya mita 10 kwa 10 inapokea 200. Muuzaji atawashawishi mchukue zaidi.

Asubuhi zinazofuata, mmoja wenu apite kabla jua halijatoka. Usiku kile kijani nacho kinatumia hewa. Akikuta samaki wote wako juu wanafungua midomo, afungulie maji mapya mara moja, na mavi yasiongezwe juma hilo.