Hukumu kwa Kitabu Kisichosomwa

Tarehe 7 Oktoba 2021 zilipokuja habari kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kila mwenye ulimi aliutumia. Ni wetu huyu. Si wetu, ni Mwingereza. Mbona aliondoka? Mbona haandiki kwa Kiswahili? Barazani na vijiweni pasipoti yake ilijadiliwa kuliko vitabu vyake, na vitabu vyenyewe vilikuwa riwaya kumi, ya kwanza ikiwa imetoka mwaka 1987. Wabishi walikuwa wengi. Waliokuwa wamefungua hata riwaya moja walikuwa wa kuhesabu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna Mswahili anayeipinga methali hiyo, lakini yakija mambo ya vitabu, watu wazima wenye heshima zao, wengine na shahada za vyuo vikuu, huhesabu kunguni wa kitanda wasichopata kukiona.

Mwaka 2022 hata udhuru wa lugha uliondoka. Ida Hadjivayanis aliitafsiri Paradise, riwaya ya Gurnah, kwa jina la Peponi, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha. Humo yumo Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Mtoto anamwita tajiri yule ami, kwa adabu aliyofunzwa kwao, mpaka Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kama yeye, anapomweleza kwamba yule si ami yake hata kidogo. Aliyefika hapo ana la kusema juu ya deni, undugu na biashara za misafara, na akitaka anaweza kubishana na Gurnah mwenyewe. Ambaye hajafika amebaki na pasipoti.

Ugonjwa huu haukuanza juzi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, na jina lake likawa la kunong'onezwa. Katika waliokilaani kitabu kile, ni wangapi waliojua kwamba lawama ya mwandishi inamwelekea Zakaria, yule baba mlevi wa Ukerewe anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha hana malezi mengine ya kumpa? Rosa anatoka nyumbani anaijua fimbo, walimwengu hawajui. Mzazi mkali ndiye aliyepaswa kukisoma kabla ya wengine wote, naye ndiye aliyekikimbia. Mtu ana haki ya kukichukia kitabu, ila akichukie akiwa amekimaliza.

Wapo, Mungu awabariki, wanaomaliza. Hao ni waungwana, wanatoa fedha yao dukani wakati wengine wanaona kitabu ni ghali kuliko nyama choma. Lakini nao wakiulizwa kitabu kilikuwaje, hujibu, "Kizuri." Basi! Mtu yuleyule ukimuuliza mechi ya Simba na Yanga atakusimulia dakika kwa dakika, nani alipoteza pasi, kocha alimtoa nani wakati si wake, na refa alipofumbia macho penalti. Akili ya uchambuzi anayo tele, ila kwenye kitabu anaifungia sandukuni, hasa jina la mwandishi likiwa kubwa.

Chukua Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mjini, anakwenda kulima Busutamu. Kuna ubaya gani msomaji akisema kwamba Utubora ni mwema kupita kiasi, na kwamba ni taabu kumwamini binadamu asiyeteleza, ingawa Kiswahili cha kitabu kile kinatamanisha kusomwa kwa sauti? Shaaban Robert hapungukiwi na kitu. Wanaoharibika ni waandishi walio hai, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wala asidhani mtu kwamba Waswahili hawajui kubishana juu ya maandishi. Kezilahabi huyohuyo alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, moto uliwaka. Upande mmoja walisimama walioshika sheria za utunzi alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, upande wa pili wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao. Jumanne Mayoka aliuandikia mgogoro huo kitabu. Maneno yalikuwa makali, lakini ubishi ulikuwa juu ya mashairi yenyewe, kina hiki na mizani ile. Ugomvi wa namna hiyo ni neema.

Tena watu wa pwani na bara ni watu wa kitabu. Amri ya kwanza kumshukia Mtume Muhammad ilikuwa ya kusoma. Mtume Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vile vitabu.

Na maadamu vimetajwa vitabu vya kuletewa, mwandishi huyu hawezi kuwapita waazimaji. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kitabu huchukuliwa kwa viapo, "wiki moja tu, kaka," kisha mwenyewe akikiulizia anaonekana bahili. Kikibahatika kurudi, jalada limekwenda, kurasa zina madoa ya mchuzi, na nyuma pameandikwa namba ya simu ya fundi bomba. Wengine wamezidi: hupiga picha kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, wakakigawa bure kwenye simu, halafu wanalalamika kwamba riwaya mpya za Kiswahili ni chache. Mwandishi atakula nini?

Ndugu msomaji, kitabu ulichokimaliza hivi karibuni kipeleke barazani. Mtaje mhusika, taja tukio, useme wapi kilikushika na wapi kilikuchosha, hata kama wenzako watakucheka. Hujakisoma? Wasikilize waliokisoma. Na kama kitabu chenyewe ni cha kuazima, kirudishe leo kwa mwenyewe, ukae naye umweleze ulikionaje.