Msingoje azae kwanza

Naomba niseme neno kuhusu kuhasi paka, kutoka Kisangani. Hapa kwetu, toka Mangobo mpaka Lubunga, paka hufugwa ili amalize panya, na wengi wanaogopa kwamba akihasiwa atakuwa mvivu. Si kweli: hamu ya kuwinda haiondoki. Kinachopungua ni dume kukojolea kuta, kuzurura usiku na kurudi asubuhi masikio yamechanika.

Hata mwenye paka wa Kiajemi au wa Siamu asidanganywe na thamani ya ukoo wake akachelewa kumhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, hasa wa Siamu, na huibeba kama wiki 9. Kuzaa kwanza kabla ya kuhasiwa hakumwongezei afya. Kumtoa kizazi kabla ya miezi 6 ndiko kunakopunguza sana hatari ya saratani ya matiti. Kama huna mpango wa kweli wa kumzalisha, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, na uulizie pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Jamani, tusijaze sokoni katoni za watoto wa paka wasio na mwenyewe.