"Kanisa la Wagiriki": Jengo la Wageni, Maneno ya Wenyeji

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, Kanisa la Kiorthodoksi aghalabu huitwa "kanisa la Wagiriki". Jina hilo lina ukweli wake na lina upotovu wake. Ukweli ni kwamba kanisa kuu la madhehebu hayo jijini Nairobi, lenye jina la Watakatifu Anargiri, lilianzishwa na wahamiaji wa Kigiriki kwa ajili ya ibada yao wenyewe. Upotovu ni kwamba waumini walio wengi sasa ni Waafrika, wakiwemo maelfu wa magharibi mwa Kenya, ambao Kigiriki kwao ni lugha ya mbali mno. Baina ya ukweli huo na upotovu huo ipo kazi ambayo wasomi wa Kiswahili wameiacha bila kuigusa: kulieleza jengo la namna hii, na historia yake, kwa maneno ya Kiswahili.

Swali la nani mwenye kanisa si geni kwa watu wa Bungoma na Kitale. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi karibu na mpaka wa Uganda, polisi wa kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa na kuua watu 11. Kiongozi wao, Elijah Masinde, alikuwa amelelewa katika misheni ya Marafiki kabla ya kuiasi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa: iwapo Mungu ni wa wote, mbona nyumba yake iwe na mlango ambao ufunguo wake uko mikononi mwa mgeni peke yake? Masinde alihamishiwa Lamu, dini yake ikapigwa marufuku, na jibu la Malakisi, yaani kumrudia Wele na misambwa ya mababu, likafunikwa kwa miaka mingi.

Jibu la Malakisi halikuwa la pekee. Mkoani Kati, Wakikuyu waliokosana na misheni katika miaka ya 1920 na 1930 hawakuukataa Ukristo. Walitafuta kanisa lenye mlango mkongwe kuliko ule wa mkoloni. Mwaka 1935 viongozi wa shule huru walimkaribisha Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, ambalo asili yake ilikuwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani. Alifundisha, akawapa watu wachache upadri, naye akaondoka mwaka 1937. Miongoni mwa waliobaki alikuwa Arthur Gathuna. Waumini hao, pamoja na wenzao wa Uganda waliokuwa chini ya Reuben Spartas, waliendelea kutafuta hadi Patriarki wa Aleksandria alipowatambua mwaka 1946.

Jambo hili linastahili kurudiwa kwa sababu husahauliwa mno. Waafrika hawakuingizwa katika Uorthodoksi na Wagiriki. Waliufikia kwa miguu yao, kwa njia ya mzunguko iliyopitia New York na Kimberley, nao wakawakuta Wagiriki wamo ndani tayari. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, makanisa ya Waorthodoksi wa Kikuyu yalifungwa na Gathuna akatiwa kizuizini. Ni kinaya cha historia kwamba mwaka 1956 Waingereza walimhamishia Ushelisheli Askofu Mkuu Makarios wa Tatu wa Kipro, wakati ambapo padre huyo wa Kenya naye alikuwa mfungwa wao. Mwaka 1971 Makarios, sasa akiwa Rais wa nchi yake, alikuja Kenya akabatiza maelfu ya watu. Seminari aliyoianzisha Riruta ilifunguliwa mwaka 1982, baada ya kifo chake. Gathuna mwenyewe alikuwa amefanywa askofu mwaka 1973.

Wagiriki nao walikuwa na njia yao. Wengi waliingia Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani, wakafanya kazi katika ujenzi wa reli za Tanganyika, kisha wakalima mkonge, kahawa na tumbaku. Kama wahamiaji wa kila mahali, walijenga shule, kilabu na kanisa. Mwaka 1958 Aleksandria iliunda jimbo la Afrika Mashariki na kuliita Irinoupolis. Jina hilo linapaswa kumsisimua kila mwanafunzi wa tafsiri: ni "mji wa amani", yaani Dar es Salaam iliyovishwa kanzu ya Kigiriki. Wahamiaji waliichukua lugha ya wenyeji wakaitia katika lugha yao. Wenyeji, hususan wenye taaluma ya lugha, hawajalipa deni hilo.

Hebu litazamwe jengo lenyewe. Kwa desturi kanisa la Kiorthodoksi huelekea mashariki na hugawanywa sehemu tatu. Ya kwanza ni ukumbi wa mlangoni, ambamo zamani waliosubiri ubatizo walisimama. Ya pili ni ukumbi mkuu wa waumini, ambao mara nyingi huwa chini ya kuba, na katika kuba hiyo huchorwa Kristo Mwenyezi akitazama chini. Ya tatu ni madhabahu, iliyotengwa kwa ukuta wenye michoro ya watakatifu na milango mitatu. Mlango wa kati hupitwa na makasisi tu. Kuumeni kwake pana mchoro wa Kristo na kushotoni mchoro wa Mama wa Mungu.

Mtu aliyeizoea nyumba ya mawe ya Lamu hatapotea humo. Nayo huanzia kwenye daka, mahali pa mgeni na mpita njia, ikapitia misana, ikaishia ndani, mahali pasipofikiwa na kila mtu. Kila hatua ni hatua ya heshima. Kwa nini basi ukumbi wa mlangoni usiitwe daka? Kwa nini ukuta wa michoro usiitwe kiambaza, neno ambalo Mswahili amelitumia tangu jadi kwa ukuta utengao vyumba? Wapo watakaosema kuwa kiambaza ni cha udongo na fito, hakifai kuitwa patakatifu. Pingamizi hilo ni dhaifu. Makanisa mengi ya Waorthodoksi wa vijijini Kenya yalianza kwa udongo na fito, na ibada iliyofanywa humo haikuwa pungufu.

Lipo neno moja, hata hivyo, linalotaka uangalifu. Wengi huiita michoro hiyo mitakatifu "sanamu". Sanamu ni neno la Kiarabu lililobeba maana ya kinyago kinachoabudiwa, na kulitumia hapa ni kumtia Mworthodoksi katika shutuma ambayo kanisa lake liliijibu mnamo karne ya nane. "Taswira" lingefaa zaidi. "Ikoni" nalo limekwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa kompyuta, kwa maana nyingine kabisa.

Isitoshe, Kiswahili hakiingii katika jengo hili mikono mitupu. Neno "askofu" lilitoka Kigiriki, likapita Kiarabu, likafika pwani. "Injili" ilipita njia hiyohiyo. "Shemasi" na "kasisi" ni maneno ya Kisiria yaliyochukuliwa na Wakristo wa Kiarabu, ambao wengi wao walikuwa wa makanisa ya Mashariki. "Kanisa", "madhabahu", "msalaba" na "kuba" yote yamepitia Kiarabu. Wamisionari kutoka Ulaya waliyatwaa maneno hayo kutafsiria Biblia zao, lakini hawakuyatunga. Kwa hiyo yule asemaye kuwa istilahi za Uorthodoksi ni ngeni kwa Kiswahili amegeuza historia kichwa chini miguu juu. Kati ya Wakristo wote wa Malakisi, Mworthodoksi ndiye ambaye maneno haya yanamrudia yakiwa karibu zaidi na kwao.

Mfano wa mbali unaweza kusaidia. Jijini Chicago, Marekani, wahamiaji kutoka Urusi na milima ya Karpathi walijenga Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, lililokamilika mwaka 1903. Mfalme Nikolai wa Pili wa Urusi alichangia fedha, lakini msanifu alikuwa Mmarekani, Louis Sullivan, bingwa wa maghorofa marefu. Mtu huyo wa maghorofa alikubali kubuni kanisa dogo mfano wa yale ya vijijini Urusi, lenye kuta za matofali zilizopakwa lipu na kuba ya pembe nane. Mwaka 1979 mji wa Chicago ulilitangaza kuwa jengo la kumbukumbu linalolindwa kisheria. Kislavoni kimekipisha Kiingereza hatua kwa hatua, na aandikaye historia ya usanifu wa Chicago hawezi kuliruka kanisa hilo kwa kisingizio kuwa ni la Warusi. Lilikuwa lao. Sasa ni la mji, kwa kuwa mji umelitia katika vitabu vyake.

Hapa petu vitabu hivyo havijaandikwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji wa mashamba, Wagiriki wengi waliondoka Tanzania, na majengo yao yakabakia kwa watu wengine. Aliyerithi jengo bila kurithi maelezo yake ni kama bawabu. Marehemu Askofu Athanasius Akunda, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliandika tasnifu juu ya Uorthodoksi na utamaduni wa Wanyore, akaiandika kwa Kiingereza. Hakuna wa kumlaumu, kwani chuo kilidai hivyo. Lakini idara za Kiswahili hazina udhuru huo. Mwanafunzi anayetoka Kitale au Bungoma, anayehangaika kutafuta mada ya tasnifu na kuishia kuhakiki riwaya iliyohakikiwa mara ishirini, angeweza kukaa na waumini wazee Jumapili tatu akaorodhesha wanavyokiita kila kitu kilichomo kanisani mwao: kiti cha askofu, chetezo, taa, pazia la mlango wa kati. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Angeweza kuanza na jina la kanisa kuu la Nairobi. Anargiri si jina la ukoo. Kwa Kigiriki maana yake ni "wasio na fedha", nao ni Kosma na Damiani, ndugu wawili waliotibu wagonjwa bila kupokea malipo. Je, waitwe matabibu wasiotoza, au waganga wasiopokea ujira? "Tabibu" ni salama, halitamkera yeyote. "Mganga" litazua ubishi Malakisi, ambako misheni ziliwafundisha watu kulionea haya, na ubishi huo ndio hasa unaofaa kusikilizwa na kuandikwa.