Kaya Si Msitu

Katika Kiswahili cha vitabu vya serikali, kaya ni watu walao chungu kimoja. Mwandikaji wa hesabu ya watu afikapo mlangoni huuliza kaya hii ina watu wangapi, wala hajapata kujibiwa kwa hesabu ya miti. Katika lugha za Wamijikenda, walio majirani wa Waswahili tangu zamani na ndugu zao kwa lugha, kaya ni nyumbani, pale mtu atokapo asubuhi na kurejea jioni. Walakini, mtu asomaye leo karatasi za maofisi na vijitabu vya wageni, kutoka Kwale mpaka Kilifi, atakuta neno hilo limepewa maana nyingine. Kaya imekuwa msitu. Ina hektari zake, ina mipaka yake, ina orodha ya mimea yake kwa majina ya Kilatini. Na mwishoni mwa maelezo, kama kwamba ni sehemu ya mimea hiyo, ina wazee.

Maana hii mpya yastahili kupingwa, kwa kuwa kosa lake haliishii katika kamusi. Limekwisha kuingia katika sheria, na upungufu wa sheria hiyo sasa unalipwa kwa roho za watu.

Miji iitwayo kaya ilijengwa juu ya vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kenya. UNESCO huihesabu kuwa ilianza katika karne ya 16. Wazee wasema kwamba baba zao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui. Na wanazuoni wamelishindania jambo hilo miaka mingi, Thomas Spear akiyapa masimulizi ya wazee uzito mkubwa katika kitabu chake cha 1978, naye Justin Willis, mwaka 1993, akionyesha kwamba hata jina Mijikenda lenyewe lilishika nguvu katika karne ya 20. Mashindano hayo yana faida yake vyuoni, lakini hayabadili neno katika jambo hili. Awe alitoka Shungwaya au hakutoka, mtu aliyeishi katika kaya aliishi mjini. Aliingia kwa njia nyembamba iliyopenya miti na kupita milango. Katikati alikuta uwanja, na hapo moro, baraza ya wazee. Kila ukoo ulikuwa na upande wake. Chini ya ardhi palizikwa fingo, kinga ya mji wote. Kijana alipanda daraja pamoja na rika lake, hata wachache wakafikia kambi, lile baraza kuu lililokata mashauri ya damu, ya mirathi na ya mipaka.

Msitu uliouzunguka mji ulikuwa boma. Mbambakofi na mvule havikukatwa kwa sababu ile ile iliyowazuia watu wa miji ya mawe ya pwani kubomoa kuta zao: adui angeingia. Anayetaka kujua kwa nini miti hiyo imesimama hata leo, hali vilima vya jirani vimebaki vipara, yafaa aanzie hapo. Palikuwa na katazo, na katazo lilitoka katika kinywa cha baraza ambalo neno lake lilitiiwa. Miti haikujilinda yenyewe.

Katika karne ya 19 hatari ilipopungua na biashara ya nafaka ilipopanuka, jamaa baada ya jamaa walitoka wakaenda kulima mabondeni, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena na wakazi. Hapo ndipo wengi wa waandishi husema kwamba zilihamwa. Neno hilo ni la haraka mno. Watu walihama kulala. Hawakuhama kuzika, wala kuomba mvua, wala kupatana baada ya ugomvi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote walitoa Waingereza wenyewe bila kukusudia. Mwaka 1913, walipotaka vijana wa Kigiriama kwa kazi ya mashamba ya walowezi na uchukuzi, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu katika Kaya Fungo, wakaapa viapo vya kutotoa hata kijana mmoja. Wakati huo wakazi wa kaya ile walikuwa wachache sana. Hata hivyo serikali ya kikoloni iliona haina budi kuifunga, na mwezi wa Agosti 1914 ikaivunja kwa baruti. Hakuna dola inayopoteza baruti yake kwa ajili ya kichaka. Afisa wa kikoloni, pamoja na dhuluma yake yote, alielewa kwamba mbele yake pana mji mkuu. Jambo ambalo baadhi ya wahifadhi wa leo, pamoja na wema wao wote, hawajalielewa.

Wema wao usikanwe. Tangu 1992 Serikali ya Kenya imekuwa ikizitangaza kaya kuwa urithi wa taifa, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ikaongeza nguvu. Mwaka 2008 kundi la misitu kumi ya kaya, iliyoenea kiasi cha kilomita 200 sambamba na pwani, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Pasipo hatua hizo, yamkini pembe nyingi za misitu hiyo zingekuwa viwanja vya mahoteli kusini mwa Mombasa, au mashimo ya machimbo. Lakini yatazamwe mambo yalivyopangwa. Waliozipigia kelele kaya mapema kabisa walikuwa wataalamu wa mimea, ambao walikuta humo miti na maua yasiyoonekana kwingine, na sheria ikafuata nyayo zao. Mwaka mmoja baada ya misitu, yaani 2009, mila na desturi za kaya nazo ziliandikwa na UNESCO, lakini katika orodha nyingine kabisa: orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Basi miti imo katika daftari la fahari, na watu wamo katika daftari la wagonjwa. Msomaji na atafakari jinsi kitu kimoja kilivyokatwa vipande viwili na kila kipande kupewa kabati lake.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Katika Kilifi, hasa sehemu za bara kama Ganze, kuwa mzee kumekuwa hatari. Kwa miaka mingi sasa polisi, watetezi wa haki na magazeti wamekuwa wakitoa habari za wazee waliouawa kwa kisingizio cha uchawi. Hawe na tsawe, yaani bibi na babu, hukatwa kwa panga nyumbani kwao usiku, na mara nyingi mkono wa jamaa haukosi katika shauri hilo. Wapo wanaotia mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Hapana haja ya kuongeza maneno juu ya hayo. Mahali ambapo mvi zilikuwa ndiyo njia ya kupandia kwenye baraza, leo mwenye mvi anazificha.

Wako wasemao kwamba chanzo ni ujinga na imani za kale, na kwamba shule na dini vitaponya. Maelezo hayo huwapendeza wengi kwa kuwa hayamgusi mtu yeyote mjini. Lakini imani ya uchawi ilikuwako pia zamani, na tuhuma zilikuwako. Lililokuwako pamoja nazo ni mahali pa kuzipeleka. Mtu aliyemtuhumu mwenzake alipaswa kusimama mbele ya wazee, akasema kwa kinywa chake, na kiapo kikapimwa juu ya mtuhumu na mtuhumiwa. Hukumu zile hazikuwa za haki siku zote, na viapo vingine vilitisha. Hata hivyo palikuwa na siku kati ya hasira na panga. Sheria ya Uchawi ya 1925 iliyafanya mashtaka ya uchawi kuwa kosa isipokuwa yapelekwe kwa wakubwa wa serikali, nao wakubwa hao hawakuwa na la kuyafanyia. Baraza lilinyang'anywa shauri, na aliyelinyang'anya hakulisikiliza.

Kisha ipo ardhi, ambayo ndiyo kiini. Shamba lilipokuwa la ukoo, kifo cha mzee hakikumpa kijana kitu asichokuwa nacho jana. Likishapimwa na kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, mzee mwenye jina huwa kizuizi kati ya mwanawe na mnunuzi. Hapo neno "mchawi" hupata kazi mpya. Huondoa mwenye hati, tena huondoa huruma ya majirani. Atakayezihesabu tuhuma hizi bila kuuliza kila mara ni shamba la nani na nani atalirithi, atakuwa amehesabu moshi akaacha moto.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo haifai kuepukwa. Husemwa kwamba wazee wa kaya si malaika, na kwamba kuwapa mamlaka ni kucheza na moto. Kweli, mwezi wa Agosti 1997 vijana waliofanya mauaji ya Likoni walikuwa wamelishwa viapo, na jina la Kaya Bombo limeunganishwa na msiba ule daima. Kweli pia kwamba kila uchaguzi ukaribiapo, wanasiasa hupanda vilima kutafuta baraka, wakashuka na fimbo na mgwisho, na wazee wa pande mbili wakapingana hadharani juu ya nani aliyestahili kuzitoa. Lakini mambo hayo yathibitisha nini? Yathibitisha kwamba neno la kaya bado lina nguvu, na kwamba nguvu hiyo ikikosa mahali pa halali pa kutumika hukodishwa. Baraza lisilotambuliwa kwa kazi yoyote ila kufungua sherehe litamsikiliza yule ajaye na bahasha. Dawa ya hayo ni kulipa baraza shughuli inayoonekana, yenye kuandikwa na kuulizwa. Kulifanya pambo hakujamzuia mwanasiasa hata mmoja.

Kwa upande wa utalii, mfano husifiwa wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, ambapo mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuongozwa njiani na mwenyeji, na ada ikawafaa wenyeji. Ni mfano mwema, na laiti ingekuwa mingi. Ila Kinondo iko hatua chache kutoka ufukweni penye mahoteli. Kaya za bara hazina ufuko, na wageni hawafiki. Huko aliyefika mara kwa mara ni mnunuzi wa vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu wa chama cha Gohu. Toka miaka ya 1970 ziling'olewa kwa wingi, zikauzwa na vijana wasio na kazi kwa fedha kidogo, na zikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Mbili zilirejeshwa mwaka 2007, na nyingine 30 kutoka makumbusho ya Denver mwaka 2019. Marejeo yale yalipokewa kwa furaha ya haki. Hata hivyo kigango si sanamu ya kabatini. Ni nyumba ya roho ya mtu fulani, yenye wajibu juu ya wana wake. Ng'ambo wanaweza kurudisha mbao. Wajibu huo hauna mwingine wa kuurudisha isipokuwa wana wenyewe, na wana wanawaogopa wazee wao au wanawaogopesha.

Jambo linalotakiwa si kuwarudisha watu wakalale vilimani. Hapana mwenye akili atakaye hivyo. Latakiwa baraza la kaya lipewe kisheria kusikiliza tuhuma na ugomvi wa mirathi kabla ya kumwaga damu, na wanawake wakiwamo barazani, maana nao wamo kati ya wahanga, na kaya iliyomfuata Mekatilili haina hoja ya kuwafungia mlango. Latakiwa shauri la kumbukumbu liandikwe na hakimu aweze kulisoma, hata mzee alaye rushwa aonekane. Latakiwa pia, kabla ya kumpa mtu mmoja hati ya shamba la ukoo, ukoo uulizwe. Na mauaji yashtakiwe kuwa mauaji, mpaka mwisho, bila kesi kufia njiani kwa kuwa mashahidi ni ndugu wa washtakiwa. Fedha za kulinda misitu zinapatikana, maana dunia hupenda misitu. Sehemu yake ikitumika kwa makarani wa baraza na nauli za mashahidi, miti haitalalamika.

Katika nchi ya Ganze pana mahali paitwapo Kaya Godoma. Hapo wazee waliotuhumiwa uchawi na kufukuzwa na jamaa zao wamepewa hifadhi; hulala, hupika, na hungoja kama jamaa zao watakubali kupatana nao. Wengine hupatana wakarudi. Wengine hufia hapo. Watu hao waliokimbilia ndani ya kaya kuokoa roho zao, kama walivyosema baba zao juu ya safari ya Shungwaya, ndio kaya iliyo hai kuliko zote katika pwani ile. Godoma haimo katika orodha ya 2008.