TUSIHUKUMU MBELE YA MAJIVU

Kila kiangazi, nyasi zikikauka na mashamba yakichomwa, nyumba za nyasi huungua katika vijiji vya Songea, na pengine mtu huteketea ndani. Ndipo huzuka neno la hatari: “Huyu ameuawa kwanza, kisha akachomwa.” Watu huonyeshana ngumi zilizokunjwa, ngozi iliyopasuka kana kwamba imekatwa kwa panga, na fuvu lenye ufa. Jua halijachwa, jirani amekwisha kutajwa.

Twasema wazi: ishara hizo peke yake si ushahidi. Joto kali hukaza misuli, na maiti hukunja mikono kama bondia. Ngozi hupasuka kwa kukauka. Fuvu nalo hupata ufa, na damu hukusanyika chini yake. Moto huyafanya hayo hata kwa mtu aliyekufa zamani.

Wala mwuaji asijidanganye kwamba moto humfichia siri. Daktari apasuaye maiti hutazama njia ya pumzi. Akikuta masizi ndani yake mpaka mapafuni, ajua kwamba mtu huyo alivuta moshi, yaani alikuwa hai. Damu nayo hupimwa sumu ya moshi, kaboni monoksidi. Visipoonekana vyote viwili, shaka huzidi. Lakini bado si hukumu, kwa maana moto wa ghafla, kama wa petroli, waweza kuua kabla moshi haujavutwa. Risasi iliyobaki mwilini huonekana kwa eksirei, na alama ya panga mfupani haifutiki kwa urahisi.

Kwa hiyo, Ndugu viongozi wa mashina na matawi, wajibu wetu ni huu: tulinde mahali pa moto, tuite polisi, tusiguse maiti wala kuharakisha mazishi. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 iliwekwa kwa ajili ya vifo vya namna hii.

Serikali nayo ina deni kwetu. Wataalamu wa kazi hii ni wachache mno nchini, na mwananchi wa kijijini anastahili kujua ukweli wa kifo cha nduguye sawasawa na mtu wa mjini. Lakini uchache huo usiwe kisingizio cha kumtwika jirani damu isiyo yake. Aliyekufa hawezi kujitetea. Basi tumwachie daktari amsemee.