Uongo Unaoua Kibera na Kawangware

"Anayetangaza kujiua hajiui." Si kweli. Wengi hudokeza kwanza, ila kwa mafumbo: anakulipa deni dogo ulilokwisha kulisahau, anagawa vyombo, anasema, "Nimechoka, mnisamehe."

"Ukimuuliza, unampa wazo." Shirika la Afya Duniani linasema kinyume: swali humtua mzigo, halimchochei. Basi uliza wazi: "Unafikiria kujiua?" Halafu nyamaza, usikilize. Kwenye ploti za mabati jirani husikia kila neno, kwa hiyo mtoe nje mtembee pamoja. Usimwambie ajikaze, wala usianze kusimulia shida zako. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mtafute wa kukaa naye usiku huo.

"Ukimpeleka hospitali, polisi watamfunga." Hofu hii ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kinakiuka Katiba. Hospitali ya Mbagathi iko ubavuni mwa Kibera. Mpeleke kama ungempeleka mwenye malaria.

"Dawa ni maombi." Mchungaji au imamu aje, aombe, kisha asindikize mgonjwa hospitalini.

"Ushauri nasaha ni wa watu wa Lavington." Hili ndilo huniudhi zaidi, maana Lavington ya matajiri na Kawangware zinapakana, na jibu lilishapatikana upande wa Kawangware. Huko Dagoretti, eneo lenye Kawangware, watafiti waliwafuatilia wanawake 421 wenye msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Baadhi walipewa vikao 5, si na madaktari bali na wahudumu wa afya wa mtaani waliopewa mafunzo: jinsi ya kutuliza mwili, kukabili tatizo moja moja, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwategemea. Matokeo yalichapishwa 2017. Haukuwa muujiza, lakini walipata nafuu kuliko wenzao waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Muulize basi mhudumu wa afya wa mtaa wako.

Na usiku wa manane? Msalaba Mwekundu, 1199, bila malipo. Befrienders Kenya nao wana simu yao, 0722 178 177. Akiwa mtoto, 116. Ziweke kwenye simu yako leo, kabla hujazihitaji.