Vijana wa Manyatta wasiachie wageni picha za Kisumu

OKTOBA 18, 2025, maelfu ya waombolezaji walifurika katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, mjini Kisumu, kuutazama mwili wa aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga. Siku iliyofuata alizikwa Bondo, na dunia nzima ikashuhudia.

Vijana wa Manyatta na Kondele wanaopiga video za harusi na matanga huishi penye matukio ya aina hii. Swali ni je, kazi yao inaweza kupokelewa na runinga za kimataifa?

Miaka ya 2000 kizuizi kilikuwa pesa. Vituo vikubwa vilidai kanda za Digital Betacam, ambazo mashine zake hazikununulika kwa mapato ya harusi. Leo kazi hutumwa kama faili kupitia intaneti, na kinachokosekana ni maarifa.

Kenya, sawa na Uingereza, ilitumia mfumo wa PAL wenye fremu 25 kwa sekunde. Marekani na Japani zilifuata NTSC, wenye takriban fremu 30. Matangazo ya analogi yalizimwa nchini mwaka wa 2015, lakini tofauti hiyo ingalipo.

Simu nyingi hurekodi fremu 30 zisipoamriwa vinginevyo. Ili kupata 25, njia rahisi ni kutupa fremu moja katika kila sita, na hapo mwendo wa mtu huonekana ukirukaruka. Isitoshe, umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa vibaya huonyesha michirizi chini ya taa.

Sauti nayo ina sheria. Ulaya hutaka wastani wa hasi 23 kwa kipimo cha LUFS, ilhali Marekani hutaka hasi 24. Matangazo yanayonguruma kupita kiasi hurudishwa.

Kuna watakaosema kwamba ghasia zikizuka Kondele, kituo chochote kitapokea hata picha ya simu. Ni kweli, lakini habari hiyo huisha jioni. Filamu ya hali halisi kuhusu ziwa, uvuvi au siasa za Nyanza huuzwa kwa miaka mingi, na humo ndimo masharti huwa makali.

Basi anayelenga soko la Ulaya arekodi fremu 25, kila fremu ikipata mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, na picha iwe ya pikseli 1920 kwa 1080. Ahifadhi nakala asilia, pamoja na nyingine isiyo na maandishi, muziki ukitengwa na maneno. Zaidi ya yote, aombe masharti ya kituo kwa maandishi kabla ya kuanza kazi.

Serikali ya kaunti na vyuo vya ufundi vinaweza kufunza haya kwa gharama ndogo. La sivyo, wageni wataendelea kuusimulia msiba wetu na kuimiliki kumbukumbu yake.

Samaki mkunje angali mbichi. Kosa la fremu halirekebishwi vyema baada ya kamera kuzimwa.